Nani anazisoma kanuni za hifadhi ya jamii Uskoti kabla hazijafika bungeni?

Bunge la Uskoti likiletewa kanuni za malipo ya hifadhi ya jamii, lina njia mbili tu: kuzipitisha au kuzikataa. Mbunge akiona kifungu kimoja kimepinda, hawezi kukinyoosha. Akitaka kiondoke itabidi aangushe kanuni zote, na wazee au walemavu waliokuwa wakizisubiri wabaki mikono mitupu. Kwa hiyo maneno yanapaswa kurekebishwa mapema, rasimu ikiwa bado mikononi mwa waziri. Hiyo ndiyo kazi ya Tume ya Hifadhi ya Jamii ya Uskoti, iliyoanza mwaka 2019 chini ya sheria ya mwaka 2018.

Waziri huipelekea Tume rasimu. Tume huipima kwa misingi minane iliyo mwanzoni mwa sheria hiyo, mmojawapo ukiwa kwamba hifadhi ya jamii ni haki ya binadamu, kisha hutoa ripoti hadharani kwa waziri na kwa Bunge. Waziri naye lazima ajibu kwa maandishi. Anaweza kukataa ushauri, lakini hawezi kukaa kimya.

Wanaoitilia shaka Tume husema wajumbe wake huteuliwa na mawaziri walewale wanaokaguliwa, na fedha zake hutoka serikali hiyohiyo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kamati ya Uingereza ya ushauri kuhusu hifadhi ya jamii, iliyopo tangu 1980, haikagui malipo yaliyogatuliwa kwa Uskoti. Bila Tume, pengo lingebaki wazi. Na kwangu mimi, tatizo kubwa si uteuzi, bali ni udogo wa nafasi aliyo nayo waziri mwenyewe ya kubadilisha kitu.

Chukua Malipo ya Watu Wazima Wenye Ulemavu, yaliyoanza Uskoti nzima Agosti 2022. Kiwango cha juu cha sehemu ya usafiri kinahitaji alama 12. Asiyeweza kutembea zaidi ya mita 20 hupata 12. Anayeweza kufika mita 25 kwa fimbo, lakini hawezi kuvuka 50, hupata 10. Kama hana alama nyingine za usafiri, hubaki kiwango cha kawaida. Mita tano zimemwangusha. Kipimo hicho kilirithiwa kutoka malipo ya Uingereza, na kilikuwa kikilalamikiwa tangu huko. Serikali ya Uskoti ilikishikilia kwa sababu mbili: kuhamisha watu salama bila kuwa na makundi mawili yenye masharti tofauti, na kutohatarisha malipo mengine ya Uingereza ambayo mtu huyapata kwa sababu anapokea haya. Sababu hizo ni za kweli. Ukaguzi unaweza kuzilazimisha zisemwe wazi na zipimwe; hauwezi kuziondoa, maana ufunguo mmoja uko London.

Hali ikawa ngumu zaidi mwaka 2024. Uskoti ilikuwa imepanga malipo ya joto wakati wa baridi kwa wazee wote. Tarehe 29 Julai serikali ya Uingereza ikatangaza kuyabakiza malipo yake ya aina hiyo kwa wenye kipato cha chini tu, na fedha inazoipa Uskoti kwa kazi hiyo zikapungua. Tarehe 14 Agosti Uskoti ikafuata, ikisema imepungukiwa hadi pauni milioni 160. Kanuni zilipaswa kupangwa upya huku msimu wa baridi ukibisha hodi. Wanaotetea mwendo huo wana haki kusema fedha ambazo hazipo haziwezi kugawiwa. Lakini rasimu inayofika imechelewa humwachia mkaguzi kazi ya kusahihisha tahajia na marejeo ya vifungu, wakati swali lenyewe ni la mzee aliyezidi kikomo cha kipato kwa pauni chache.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye kalenda. Rasimu ifike pamoja na tathmini ya athari kwa walemavu, wazee na watoto, wiki kadhaa zilizowekwa kisheria kabla ya kwenda bungeni, na waziri anayezifupisha alieleze Bunge sababu siku hiyohiyo anapowasilisha kanuni.