Rubani mmoja, injini moja, dunia nzima

Asubuhi katika uwanja wa Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, rubani wa Cessna huinama chini ya bawa, akachuruza mafuta kidogo kwenye kikombe cheupe na kukiinua kwenye mwanga wa jua. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu, na maji yakiwamo hujitenga na kutulia chini. Ni kazi ya dakika chache, lakini anayezunguka dunia peke yake huirudia katika kila kituo, hata siku ambayo mwili umekwisha nguvu, na hana mwenzake wa kumkumbusha.

Safari za namna hii si jambo jipya. Wiley Post aliikamilisha mwaka 1933 kwa muda usiofika siku nane, na Jerrie Mock, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, alitumia siku 29 mwaka 1964 akiwa na Cessna 180. Kilichobadilika ni kipimo cha sifa, kwa kuwa siku hizi kinachoulizwa kwanza ni umri. Zara Rutherford wa Ubelgiji alimaliza safari yake Januari 2022 akiwa na miaka 19, na Agosti mwaka huohuo mdogo wake Mack, aliyeondoka Sofia akiwa na miaka 16, alirejea akiwa ametimiza 17.

Wanaozitetea safari hizi wana hoja nzito. Binti wa Soroti, mji wa Uganda wenye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, akimwona msichana wa miaka 19 akishuka kwenye ndege aliyoirusha mwenyewe, haambiwi tena kwamba kazi hiyo ni ya wanaume. Isitoshe, safari yenyewe ni shule ya subira. Zara alipanga miezi mitatu akatumia mitano, kwa kuwa alikwama kwa wiki kadhaa Alaska na tena Siberia akingoja hali ya hewa. Huyo hakuwa mtu wa kukimbizwa na rekodi.

Lakini tuangalie kwa nini aliweza kungoja. Rekodi aliyoivunja, ya mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wote, ilikuwa ya Shaesta Waiz, aliyemaliza mwaka 2017 akiwa na miaka 30, kwa hiyo Zara alikuwa na akiba ya miaka kumi na zaidi. Mack, katika rekodi ya wote, wanaume kwa wanawake, alimpita Travis Ludlow, aliyemaliza akiwa na miaka 18, kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Na kwa kuwa umri wa kuruhusiwa kurusha ndege una kikomo chake cha chini, anayefuata atashindania miezi, pengine wiki. Hapo kila siku ya mawingu inakuwa hasara, na ndege yenye injini moja juu ya bahari haimsamehe mwenye haraka. Wamarekani walilijua hilo mwaka 1996, pale Jessica Dubroff, mtoto wa miaka saba aliyetaka kuvuka nchi yao akiwa na baba yake na mwalimu, alipoanguka Cheyenne pamoja nao, wote wakafa. Sheria ya kuzuia majaribio ya namna hiyo ilipitishwa mwaka huohuo. Safari ile haikuwa ya mtu mmoja, lakini tamaa ya umri ilikuwa ileile.

Kuna pia hoja ya fedha, na ya meli zinazolazimika kuacha njia zake kumtafuta aliyepotea. Siipuuzi, ingawa kwa kipimo hicho tungewazuia hata wapanda milima.

Mimi naiheshimu safari, ila kipimo cha umri nakikataa. Ademilola Odujinrin wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuikamilisha, mwaka 2017, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya urubani, na sijasikia aliyemdharau kwa hilo. Mganda atakayemfuata atakabiliwa na shida iliyo karibu zaidi kuliko tarehe ya kuzaliwa: petroli ile ya buluu ni adimu katika viwanja vingi vya bara hili, ambako ndege kubwa hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Kabla hajapaka jina lake kwenye mkia wa ndege, itambidi aandikie viwanja kimoja kimoja, aulize kama pipa lipo, na lini lilifika.