Dola 30 za Kuonja

Nimelipa dola 30 kuonja. Sikununua chupa wala sikula chakula. Nimeonja tu, mafunda matano ya waini, kila funda halijazi hata kitako cha glasi, na pembeni nikawekewa ndoo ya kutemea kama sitaki kumeza. Nikameza yote. Mtoto wa Dodoma ateme zabibu aliyoilipia?

Nilikuwa Santa Barbara, mji wa pwani California, kama kilomita 150 kutoka Los Angeles ninakoishi. Nilipanda treni, na kuanzia Ventura bahari inakuwa mkono wa kushoto, karibu kabisa. Treni yenyewe ya dizeli. Ya kwetu ya umeme, ya Dar hadi Dodoma, inaiacha mbali, na jirani yangu kwenye kiti nilimwambia hivyo bila kuulizwa. Mji ni mzuri, sibishi. Jua tele, mapaa ya vigae vyekundu waliyoamua kuyashikilia walipojenga upya baada ya tetemeko la 1925, gati la mbao lililopo tangu 1872. Ukivuka mlima nyuma ya mji unaingia bonde la Santa Ynez, mizabibu mpaka macho yachoke.

Lakini mimi nimekwama kwenye kuonja.

Waliouza zabibu stendi wananielewa. Nilikuwa na beseni kichwani, nakimbilia basi. Mteja anatoa mkono dirishani, anachuma moja, anatafuna. Anachuma ya pili ili ahakikishe ile ya kwanza. Anampa na mwenzake. Kichala kinabaki vijiti, kisha anakunja uso: "Mbona chachu hizi?" Basi linaondoka. Nimeonjwa miaka, jamani. Leo mtu ananiambia huyo mwonjaji alipaswa kulipa kwanza, tena akate nafasi mapema.

Na unajua walichoniuzia pale? Ukungu. Dada aliyekuwa akimimina alitusimulia karibu nusu saa: milima yao imelala mashariki kwenda magharibi, bonde limefunguka baharini, ukungu unaingia asubuhi unaipooza mizabibu, zabibu inaiva polepole. Watu wanatikisa vichwa kama wako ibadani. Nikanyoosha mkono nikasema kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kimya. Wao wanavuna mara moja! Dada akauliza ni nchi gani, nikasema Tanzania, akasema hakujua kama Tanzania kuna mizabibu.

Sikukasirika naye. Angejuaje? Sisi wenyewe mgeni akifika Dodoma tunampeleka kuonyeshwa majengo. Hombolo na Makutupora, kwenye mashamba yetu ya zabibu, anazisikia kwenye taarifa ya habari, siku mkulima analia mchuzi wake wa zabibu, ule wa kutengenezea waini, umekaa kwenye matangi hauna mnunuzi.

Haya, nawasikia. "Kaenda juzi, leo anatufundisha waini." Ndugu yangu, mimi huku naogesha wazee wa watu. Hizo dola 30 ni karibu saa mbili za kumgeuza mtu kitandani, kwa hiyo usinione nimekaa na glasi ukadhani nimekuwa bwana shamba. Na sikusema huku ni peponi. Nilipita wavunaji pembezoni mwa barabara, Wameksiko wamejifunika hadi masikioni kwa jua, na hao hakuna anayewamiminia mafunda matano wala kuwasimulia ukungu.

"Huku nani ana hela ya kulipia kuonja?" Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Dodoma! Mji wa Bunge, wizara na semina zisizoisha, posho inatoka leo inaisha leo. Watu hao hao jioni wanaagiza waini ya Afrika Kusini, na mizabibu iko mwendo wa bodaboda kutoka walipokaa. Hela ipo. Hajatokea wa kuwapangia viti shambani na kuwaambia kaeni, nyamazeni, nisikilizeni. Na wewe usiyekunywa, sawa kabisa, iko zabibu yenyewe, iko juisi. Nayo ilipiwe.

Nilimtumia mjomba picha ya risiti. Ana ekari moja na nusu, na amekuwa akipangiwa bei na mnunuzi tangu mimi sijaanza shule. Akajibu kwa sauti, nyuma yake mbuzi wanapiga kelele: "Dola 30 kwa kilo ngapi?" Nikamweleza kwamba hakuna kilo, ni kuonja tu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi wakija wageni atawatoza na kivuli cha mbuyu.

Yeye anatania. Watoze, mjomba. Kivuli nacho.