John Clare na jina la ugonjwa wake

Wasomaji wa mashairi hapa Moshi wamegawanyika juu ya John Clare, kibarua wa mashambani wa Uingereza aliyefia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1864. Muuguzi mmoja wa wodi ya akili anasema dalili ziko wazi, ile ilikuwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aamini au asikie yasiyokuwepo. Mwalimu wa fasihi hataki hata kusikia.

Muuguzi ana hoja. Clare alishikilia kwamba ana wake wawili, mmoja wao Mary Joyce, mpenzi wa utotoni ambaye hakumwoa kamwe na aliyefariki 1838. Siku nyingine alijiita Lord Byron, mshairi maarufu aliyezikwa 1824. Hizo si mbwembwe za kishairi. Na kukwepa neno ugonjwa kuna gharama huku kwetu, ambako mgonjwa bado anafichwa ndani eti karogwa.

Mwalimu anasema marehemu hahojiwi wala hapimwi damu. Sawa. Mimi ningeongeza suala la ardhi. Sheria ya 1809 ilifungua njia ya kuzungushia ua mashamba ya wazi, yaliyotumiwa na wanakijiji kwa pamoja, ya Helpston, kijiji chake. Mwaka 1832 akahamia Northborough, kilomita tano hivi tu, na mashairi ya wakati huo ni ya mtu aliyepotea. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, Kibosho au Marangu haelezwi hilo mara mbili. Sijui daktari angeliweka fungu gani.

Kinachonisumbua zaidi ni Julai 1841. Clare alitoroka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Essex, akatembea takriban kilomita 130 kurudi kwao, njaa ikamlazimisha kula majani ya kando ya njia. Alipofika aliiandika safari yote kwa mpangilio, hadi viatu vilivyochakaa na kokoto zilizoingia humo. Ni maelezo ya mtu makini, ila alikuwa anamfuata Mary. Alipoambiwa amekufa hakusadiki.

Desemba hiyo akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, na daktari akaandika kwenye fomu kwamba ugonjwa ulitanguliwa na miaka ya kuzama katika utunzi. Yaani ushairi wenyewe ukageuzwa dalili. Muuguzi wetu, bila kukusudia, anaelekea hukohuko.

Aliugua, na iandikwe hivyo. Lakini skizofrenia isitiwe kwenye utangulizi wa mashairi yake, maana mwanafunzi akishaisoma hapo, shairi la “I Am”, lililotungwa Northampton, atalisoma akisaka dalili.