Usiimalizie semesta yako ya Ulaya kwenye basi

Kila zikitoka skolashipu za Erasmus+, zile za Umoja wa Ulaya za kwenda kusoma semesta huko, nawaona wadogo zetu wa Dar, wa Zanzibar, wa Nairobi, wanaaga, wanasindikizwa airport, alafu haipiti muda zinaanza picha. Leo Prague, wikiendi ijayo Paris, inayofuata Amsterdam, mabasi ya usiku ya bei chee, wanalala wamekaa, Jumatatu darasani wanasinzia. Kutembea ni kuzuri, sipingi, lakini semesta ya Ujerumani ina kama miezi mitatu na nusu tu ya vipindi, na mi naamini kabisa anayetulia kwenye mji aliopangiwa ndiye anayefaidi kuliko wote.

Nitaitolea mfano Bayreuth maana ndio ninayoijua. Ni mji mdogo wa Bavaria, watu elfu 70 na kitu, ukitaka kwenda Nuremberg treni ni kama saa moja. Mtu akipangiwa huko anaona kanyimwa Ulaya yenyewe. Sasa hapo hapo padogo kuna chuo ambacho masomo ya Afrika ni moja ya nguzo zake, Kiswahili kinafundishwa, kuna kongamano la Kiswahili linalokutanisha wataalamu kutoka kila upande, unakaa kwenye kiti karibu na mtu ambaye ulikuwa unasoma jina lake kwenye desa. Katikati ya mji kuna Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za kisasa za Afrika iliyofunguliwa 1981. Mwanafunzi wa fasihi au sanaa anayeacha hayo kila wikiendi akapange foleni ya Eiffel, kwa kweli naumia.

Na maprofesa jamani. Kule kila mwalimu ana saa zake za kuonana na wanafunzi, wanaita Sprechstunde, unaandika imeli unapewa muda wako, unaingia, mlango unafungwa, mko wawili. Sisi tumezoea kumvizia lekchara koridoni baada ya kipindi cha watu mia tano, yeye anatembea wewe unaongea huku unamfuata, kwa hiyo wengi wetu tukifika kule tunaona aibu kwenda, tunahisi tunamsumbua mzee wa watu. Humsumbui, hiyo ndio kazi yake na muda umetengwa. Nenda na swali moja ulilolilalia, sio "naomba ushauri wa masomo", sema nataka kuandika kuhusu biashara ya karafuu Pemba, nianzie wapi. Kuna dada mmoja tulikuwa naye, mpole, darasani hanyanyui hata mkono, alitoka kwenye chumba cha profesa na karatasi imejaa majina ya vitabu mbele na nyuma, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho ukazaliwa hapo. Vitabu vyenyewe, kama maktaba yao haina, wanakuagizia kutoka maktaba ya chuo kingine, baada ya siku kadhaa unakikuta kaunta kinakusubiri. Kwa mtu aliyetoka kugombania kopi moja ya kuazima kwa saa, hiyo peke yake inatosha kukuweka mjini wikiendi.

Alafu mitihani. Kule kuhudhuria kozi ni kitu kimoja na kujiandikisha mtihani ni kitu kingine, kuna tarehe ya mwisho kwenye mfumo, ikipita imepita, hata kama ulikaa mstari wa mbele semesta nzima. Kozi nyingi za seminari hazina mtihani kabisa, unaandika Hausarbeit, insha ya kurasa kama 15 hivi, na mara nyingi inakabidhiwa vipindi vimeshaisha, kwa hiyo anayekata tiketi ya kurudi mapema anajikuta anaandika yuko Mbagala na umeme umekatika. Na usishtuke ukipewa 1,0, ndio alama ya juu kabisa, 4,0 ndio ya kuponea.

Suala la hela linauma kidogo. Ukifika tu nyumbani wanajua uko Ulaya, simu zinaanza, ada ya mdogo wako, bati za mama, na wewe moyo unakuuma unaanza kula mkate mkavu ili utume, wengine wanaingia kubeba boksi. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi hadi siku 140 kwa mwaka, sawa, lakini kwa mtu wa semesta moja kila zamu ya usiku inakula kipindi cha asubuhi. Ongea na wazazi kabla ya kuondoka, waambie kwa heshima hii posho ni ya kodi, bima na chakula, haina ziada. Mzazi aliyeambiwa mapema anaelewa.

Wabongo wenzako wapende, pikeni ugali pamoja Jumapili maana maduka yenyewe yamefungwa, ila uwe pia na kundi moja la wenyeji, kwaya, mpira, chochote kinachokutana kila wiki. Kijerumani utakiokota huko kuliko darasani.

Safari moja tu ndio nakuombea uifanye, nenda Berlin kwenye makumbusho ya historia ya asili ukamuone dinosaria wa Tendaguru. Mifupa ilichimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini, leo kasimama pale mita 13 na zaidi. Simama chini yake, soma maelezo walivyoyaandika, alafu rudi Bayreuth ukamuulize profesa wako maswali. Hiyo ni safari yenye mzigo.

Walioitwa kwa semesta ya kiangazi, vipindi vinaanza katikati ya Aprili, na kwa sababu unazidi siku 90 unahitaji viza ya taifa, sio ile ya Schengen ya matembezi. Miadi ya ubalozini omba sasa hivi, na kabla hujaondoka ile Learning Agreement, makubaliano ya kozi utakazosoma kule, iwe imesainiwa na chuo chako, kozi kwa kozi, ujue kabisa kila moja itahesabiwa kama nini ukirudi. Nawafahamu waliorudi na alama nzuri wakaambiwa warudie semesta nzima.