Kidonge cha upara: mwanaume aambiwe nini kabla ya kumeza?

Mwanaume anayeanza kupata upara leo ana dawa mbili zenye ushahidi wa maana: finasteraidi, ambayo ni kidonge, na minoksidili, ambayo kwa kawaida hupakwa. Mafuta, shampuu na vitamini zinazouzwa kwa ahadi ya kuotesha nywele haziifikii hata moja kati ya hizo, kwa hiyo naziacha. Ubishi mkali uko kwenye kidonge. Kuna wanaosema ni dawa salama, imetumika kwa miongo, na wanaolalamika wametishwa tu na waliyoyasoma. Kuna wanaosema imewaharibia maisha vijana waliokuwa wazima wa afya. Kila upande una ukweli ambao mwenzake hataki kuusikia, na anayeumia ni yule anayesikiliza upande mmoja kabla ya kumeza.

Faida na madhara ya kidonge hiki yana chanzo kimoja. Mwilini kuna kimeng'enya kinachobadilisha sehemu ya testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, DHT. Kwa aliyerithi upara, DHT hudhoofisha mashina ya nywele ya utosini na ya juu ya paji la uso: kila unywele mpya hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi zinabaki nywele laini za malaika tu. Mwaka 1974 watafiti walioongozwa na Julianne Imperato-McGinley walieleza kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokuwa watu wazima hawakuota vipara, na tezi dume zao zilibaki ndogo. Kampuni ya Merck ikatengeneza dawa ya kukizuia. Marekani iliidhinisha kidonge cha miligramu 5 mwaka 1992 kwa ajili ya kuvimba kwa tezi dume, kisha cha miligramu 1 mwaka 1997 kwa ajili ya upara.

Kwamba kinafanya kazi, hilo halina mjadala. Katika majaribio ya miaka miwili, wanaume 83 katika kila 100 waliomeza finasteraidi hawakupungukiwa na nywele zilizohesabiwa utosini. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 28 tu. Ila hapa tuwe wakweli: kazi yake kubwa ni kuzuia. Baadhi ya nywele zilizosinyaa hunenepa tena, lakini kichwa kilichokwisha kung'aa hakitarudi kilivyokuwa ujanani. Na faida yenyewe hudumu kadiri unavyoendelea kumeza. Ukiacha, ndani ya mwaka mmoja hivi kilichookolewa kinapukutika.

Upande wa madhara, namba za majaribio hayohayo zinatuliza moyo. Katika mwaka wa kwanza, wanaume 3.8 katika kila 100 walipata shida za tendo la ndoa, yaani hamu kupungua, uume kutosimama vizuri au shahawa kupungua, dhidi ya 2.1 kwa wasiomeza dawa. Tofauti haifiki wawili katika mia, na wengi walipoacha, shida ziliisha. Watetezi wa kidonge husimama hapo, na wana haki ya kusimama.

Lakini malalamiko mazito yanahusu wale ambao shida hazikuisha walipoacha. Majaribio hayakupangwa ili kuwafuatilia watu hao kwa miaka. Mwaka 2012 maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani yaliongezewa kwamba kuna ripoti za shida za tendo la ndoa zilizoendelea baada ya kuacha. Mwaka 2022 yakaongezwa mawazo ya kujiua. Mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge vya finasteraidi, huku likisema faida bado inazidi hatari kwa matumizi yaliyoidhinishwa. Huwapata wangapi? Hesabu haipo, kwa sababu ripoti za hiari haziwezi kutoa hesabu. Anayesema ni nadra kabisa na anayesema ni janga wote wawili wanakisia.

Kuna utafiti mmoja ambao kila upande huutumia vibaya. Ulichapishwa Italia mwaka 2007, kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba waliopewa finasteraidi ya miligramu 5. Kundi moja liliambiwa kwamba dawa inaweza kuleta shida za tendo la ndoa, jingine halikuambiwa. Mwaka ulipoisha, shida hizo ziliripotiwa na asilimia 43.6 ya walioambiwa, na asilimia 15.3 ya wasioambiwa. Watetezi wanasema: mnaona, ni hofu tu. Sivyo. Utafiti unaonyesha kuwa hofu inaongeza shida, na shida inayoletwa na hofu humtesa mtu vilevile. Hauonyeshi kwamba dawa haina lake, wala hausemi lolote juu ya kijana wa miaka 24 ambaye bado hana hamu mwaka mmoja baada ya kuacha. Wapinzani nao huupuuza kabisa, kana kwamba kumjaza mtu hadithi za kutisha usiku kucha hakuna gharama.

Je, daktari anyamaze ili asimtie mgonjwa hofu? Kwa dawa ya kuokoa uhai ningeweza kulitafakari swali hilo. Kwa dawa ya upara, hapana. Upara hauui, hakuna dharura, na mwanaume ana muda wote wa kusikia habari kamili na kulala nazo. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni dawa hii kutolewa kwa fomu ya mtandaoni ya kuweka tiki, bila mtu kuulizwa kama amewahi kuugua sonona.

Tena muda wenyewe unadanganya. Madhara yakija, mara nyingi huja mapema, katika wiki au miezi ya mwanzo. Faida huhitaji miezi sita hadi kumi na miwili kuonekana. Kwa hiyo mtu hupima akiwa ameonja hasara tu, na kumbukumbu ya alivyokuwa zamani imeshafifia. Dawa ya hilo ni rahisi: kabla ya kidonge cha kwanza apige picha za utosi kwenye mwanga uleule atakaoutumia baadaye, na aandike hali yake ya usingizi, furaha na tendo la ndoa.

Minoksidili ni nyepesi zaidi kwa wengi. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mwilini, na mwaka 1988 ya kupaka ikaidhinishwa Marekani kwa upara. Huwasha ngozi ya kichwa kwa baadhi, na wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, jambo linalowafanya wengi kuitupa chupa mapema mno. Ni sumu kwa paka, na wenye watoto wachanga wasiwaache wagusane na kichwa kilichopakwa. Ningeanza na hiyo.

Kuna na mambo madogo yanayosahaulika. Wapo wanaonunua kidonge cha miligramu 5 na kukikata vipande vinne kwa kisu; unga unaobaki mezani haufai kuguswa na mjamzito, kwa sababu dawa inaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Finasteraidi pia hushusha kipimo cha damu cha PSA, kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, hadi karibu nusu. Asipojua, daktari atasoma jibu la kutuliza ambalo si la kweli.

Aliye mzima, asiye na historia ya sonona, anayeumizwa kweli na upara wake na ambaye minoksidili haikumtosha, simwoni mjinga akichagua kidonge. Aliyewahi kuwa na sonona nzito, ningemwambia akiache. Na yeyote anayeanza amweleze mtu anayeishi naye, kwa sababu huzuni ikiingia, mara nyingi wa karibu huiona kabla ya mwenyewe. Ikiingia, aache kumeza siku hiyohiyo na amwone daktari, hata kama nywele zimeanza kujaa.