Nirushie: tovuti tulizozipenda na simu zilizotufuata nyumbani

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mpwa wangu alinipigia akiwa anahema. "Anko, shikamoo. Matokeo yametoka, nirushie." Nikamwambia aingie mwenyewe kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, aandike necta.go.tz, si ana simu mpya? Kimya. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa: "Naandika wapi?"

Simu anayo, tena nzuri kuliko yangu. Anajua kukata video, kuiwekea muziki, kuondoa ukuta uliobanduka rangi nyuma yake na kupachika bahari. Kisehemu asichokijua ni kile cha juu kabisa, pale panapoandikwa anwani. Hajawahi kukihitaji. Nilipofika kwao jioni, magrupu yalikuwa yameshamletea linki tano za "matokeo". Moja ilimtaka kwanza aisambaze kwa watu kumi. Nyingine ilifungua tangazo la kubeti. Ya tatu ilikuwa picha ya skrini ya shule ambayo si yake.

Tukaifungua NECTA pamoja. Ukurasa ule mnaujua: orodha ya shule, unagusa jina la shule, yanashuka majedwali yenye namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, kisha masomo na herufi zake. Hakuna picha, hakuna kitu kinachorukaruka. Mchana, nchi nzima ilipoivamia, tovuti ilikuwa imezidiwa, lakini jioni ile, kwa mtandao wa kusuasua, ilifunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Mimi naihesabu kati ya tovuti bora nchini, na sura yake ni ya enzi za kafe za intaneti.

Kizazi changu intaneti tulikuwa tunaiendea. Tulisema hivyohivyo, "naenda intaneti", kama mtu anavyosema naenda sokoni. Unapanda daladala hadi Posta au Mwenge, unalipa mia tano ya nusu saa, unapewa kikaratasi chenye namba, unaiingiza, na dakika zinaanza kurudi nyuma pembeni ya skrini. Kwa sababu ya dakika zile, ulikuwa ukifika na ratiba kichwani. Kwanza Yahoo, ambayo ilifunguka polepole mpaka unamaliza kusoma matangazo yote yaliyobandikwa ukutani. Halafu Darhotwire. Halafu, kuanzia Septemba 2005, blogu ya Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News aliyeianzisha akiwa Helsinki. Watu wa ughaibuni waliingia humo kuona harusi na misiba ya nyumbani kwa picha. Mwaka uliofuata likaja jukwaa la mijadala la Jambo Forums, lililobadili jina kuwa JamiiForums mwaka 2008, na salamu lake la "Wakuu, naombeni msaada". Kazi tulizitafuta ZoomTanzania. Anwani hizi zote zilikaa kichwani, bila kuziandika popote.

Ni rahisi sana kutoka hapo kwenda kwenye lile lalamiko la wazee wa mtandao: kwamba simu imetuharibia intaneti, kwamba vijana hawaendi mahali, wanaletewa tu. Nimelisema mwenyewe barazani zaidi ya mara moja. Lakini anayelisema inabidi amjibu kwanza shangazi yangu wa Korogwe.

Shangazi hakukanyaga kafe hata siku moja. Ukituangalia tuliokaa kwenye vile viti vya plastiki, wengi tulikuwa vijana wa mjini, wanaume, tunaojua Kiingereza cha kutosha kubofya palipo sahihi. Mpaka Julai 2009, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na Mombasa, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia kwenye satelaiti, ghali na goigoi. Baada ya mkongo zikaja simu za bei ya kuvumilika, Tecno, itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Ndipo shangazi akaingia. Hakuombwa kuandika. Anashika kile kialama cha kipaza sauti, anaongea Kisambaa chake dakika mbili, anaachia. Grupu la ukoo linajua nani kalazwa, mchango wa msiba umefika wapi, M-Pesa itumwe namba gani. Mwanawe aliyeko Kariakoo anampigia picha gunia la maharage na bei yake, naye anaamua auze leo au asubiri. Tovuti gani ingemfanyia haya? Hata ile niliyoipenda kuliko zote ilimtaka ajue kusoma haraka, awe na nauli, na asione aibu kumwita kijana amfungulie.

Kuna na jambo la lugha. Intaneti ya kafe ilikuwa na visiwa vichache vya Kiswahili katikati ya bahari ya Kiingereza. Ya simu inaongea. Fundi pikipiki wa mtaani kwetu alijifunza nyaya kwa video, tena za Kiswahili, huku spana iko mkono wa pili. Kwa hiyo ukiniuliza kama ningependa turudi kwenye kafe, jibu ni hapana, na sitalizungusha.

Bado kuna kitu kimepotea, na kinaonekana vizuri kwa shangazi yuleyule. Mwaka juzi alinitumia sauti ya mtu asiyejitaja jina, anaeleza maji ya vitunguu yanavyomaliza kisukari. Nikampigia. "Shangazi, hii umeitoa wapi?" Akasema, "Kwenye simu." Nikauliza kwenye simu wapi. Akaniona mjinga kidogo: "Kwenye simu hii hii, baba."

Zamani angesema kaisikia Redio Tanzania (RTD), nami ningejua niibishie wapi. Ukurasa una mwenyewe. Hata uzi wa JamiiForums wenye jina la bandia una tarehe, una waliopinga chini yake, na kesho utaukuta palepale. Sauti iliyorushwa inafika uchi. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo: mwaka 2019 wakazuia ujumbe kusambazwa kwa zaidi ya magrupu au watu watano kwa mkupuo, na Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa mmoja tu. Hilo linapunguza mwendo. Halimwambii shangazi nani anaongea.

Na kurudi kutafuta ulichowahi kuambiwa je? Gari yangu, IST ya siku nyingi, ilianza kugoma kuwaka asubuhi. Nikatafuta, nikaangukia uzi wa zamani kwenye JamiiForums ambapo mtu alieleza dalili zilezile na mwingine akamjibu aanzie wapi kukagua. Miaka imepita na majibu yako palepale. Wakati huohuo, grupu la mafundi nililokuwamo lilikuwa na majibu bora zaidi, yenye picha na sauti, na yote yalikwenda simu yangu ilipodumbukia kwenye ndoo ya maji. Ingawa hapa nisiwaonee watu wa simu. Tovuti nazo hufa. Mwenye blogu akichoka kulipia jina, kumbukumbu za miaka kumi zinageuka ukurasa wa tangazo la kuuza hilo jina. Ukijaribu kufungua leo anwani ulizozijua kwa kichwa enzi zile, utakuta nyingi ni makaburi.

Lawama nyingi tunawatupia vijana, kwamba ni wavivu wa kuandika hata herufi kumi. Mimi naiona zaidi kwenye bando. Mtu ananunua kifurushi cha WhatsApp au cha mitandao ya kijamii kwa sababu ndicho kinachoingia kwenye bajeti ya siku. Ndani ya kile kifurushi, video ya nusu saa ya mtu anayecheza inafunguka. Linki ya gazeti aliyorushiwa inazunguka, inazunguka, inakataa. Anafanya nini? Anasoma kichwa cha habari na picha ndogo iliyojitokeza, na kwa hicho kichwa anaingia kwenye ubishi. Ukimwambia asome kabla ya kubisha, unamwambia akanunue bando jingine. Tabia hii ililelewa. Oktoba 2014 Facebook walipoleta hapa huduma yao ya bure kupitia Tigo (siku hizi Yas), walengwa walikuwa wale ambao hawajawahi kuingia mtandaoni, na wengine intaneti waliyoifahamu kwa mara ya kwanza ilikuwa ile iliyochaguliwa na Facebook. Sikatai kwamba bure ni bure. Ila aliyeingia nyumba kwa mlango wa jikoni anaweza kukaa miaka asijue kuna sebule.

Upande wa wenye tovuti nao walibanwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu aombe leseni, na ukijumlisha ada zake ilifika kama shilingi milioni 2.1: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni moja ya mwaka. Kwa kijana anayeandika habari za mpira wa Ndondo Cup kutoka chumbani, hiyo ni kufunga duka. Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ilizima kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshahamia Instagram, na aliyehamia na wasomaji wake harudi kirahisi.

Waganda walijaribu kinyume chake kabisa. Julai 1, 2018, waliitoza mitandao: shilingi 200 zao kwa siku kila anayetumia WhatsApp, Facebook na nyinginezo. Tovuti za kawaida hazikuguswa. Kama watu wangekuwa wanakaa kwenye programu kwa sababu ya bei tu, wangerudi kwenye tovuti. Hawakurudi, wengi walipakua VPN, programu za kuikwepa kodi hiyo, na mwaka 2021 kodi ile ikafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na ya asilimia 12 kwenye data yote. Hesabu hii inanisumbua, kwa sababu inapunguza nguvu ya hoja yangu ya bando. Watu wako WhatsApp kwa sababu watu wao wako WhatsApp. Bando limeifunga komeo tu milango mingine.

Gharama ya kukaa wote chini ya paa moja tuliionja Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima kwa saa kama sita. Kwa mfanyakazi wa ofisini ilikuwa utani wa jioni. Dada mmoja anayeuza vitenge kwa Instagram aliniambia siku hiyo alikaa na mzigo ulioshonwa tayari bila namba hata moja ya mteja, kwa kuwa oda zote zilikuwa DM. (Kuhusu wale wanaoandika "bei DM" sina uchambuzi, nina hasira tu. Weka bei, ndugu yangu.)

Lakini muuza vitenge simlaumu. Yuko walipo wateja. Ninaowashangaa ni watu wa ofisi za umma. Tangazo la kukatika maji siku tatu linatoka kama picha kwenye Instagram, maandishi yamelala juu ya nembo, tarehe kwa herufi za kuhesabia mchanga. Huwezi kulitafuta, na asiye na akaunti anasumbuliwa ajisajili. Tovuti ya ofisi hiyohiyo ina picha ya bosi akikata utepe, mpya kabisa, na ukurasa wa "Matangazo" ambao mara ya mwisho kuguswa hata mlinzi hakumbuki. Ukurasa mwepesi kama ule wa matokeo, wenye maandishi matupu na tarehe, ungefunguka hadi kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote, na usingekula nafasi. Nafasi nayo ni kitu. Simu ya mpwa wangu inamwambia imejaa kila wiki, na nusu ya kilichoijaza ni maua ya "asubuhi njema".

Basi jioni ile tulipata namba yake kwenye jedwali. Daraja la pili. Mama yake akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nikamwonyesha binti pale pa kuandika anwani, tukauweka ukurasa ule kwenye uso wa simu kama zinavyokaa programu nyingine, akafurahi kwamba unakaa pale bila kupakua kitu. Akanakili linki, akaiweka kwenye grupu la ukoo.

Dakika haikuisha. Binamu yangu wa Morogoro: "Picha tafadhali, nina bando la WhatsApp tu." Shangazi akaja kwa sauti: mjukuu wangu, hiki ulichotuma hakifunguki, tupia picha. Mwingine akaweka alama tatu za kuuliza.

Mpwa wangu akapiga picha skrini. Kabla hajaituma, akaipunguza juu, pale penye anwani, ili ikae vizuri.