Habari za televizio, nani njo analipa?

Jioni ku Lubumbashi, umeme ukiwepo, tunakaa kungoja habari, na mara nyingi ya kwanza ni mheshimiwa anagawa viti vya plastiki. Mi naanza kuchoka kabisa na ile.

Kuna ba mama wanauza mboga mu soko moja ku komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, meza zao zilivunjwa asubuhi, wakaita televizio, kijana wa kamera akafika, akafilimu vizuri, mama mmoja analia na fungu la lengalenga mkononi, halafu kijana akaomba pesa ya transpoti. Wakachanga faranga, hazikufika. Habari haikupita. Usiku uleule tukaonyeshwa karibu dakika saba za duka jipya linafunguliwa, na mtangazaji anasoma na sauti ileile ya habari, hakuna mahali waliandika kama ni tangazo. Hiyo njo kupaje, mwandishi kulipwa na ule anataka habari ipite, kila mtu anaijua.

Lakini kumlaumu kijana peke yake ni uonevu. Wengi wanapewa karte ya mwandishi na mikrofoni, mshahara hakuna, maana yake nenda ujitafutie, na ana watoto kama wewe. Bosi naye analipa mafuta ya jenereta na matangazo ni machache, sasa pesa itoke wapi?

Kuhusu stesheni za wanasiasa, hapo nagawanyika kidogo. Nyota ni ya Moïse Katumbi, Canal Congo ni ya Jean-Pierre Bemba, na hakuna anayetazama bila kujua inavuta upande gani. Nyota ilifungwa 2016, wakati Katumbi ameshatoka kambi ya Kabila, rais wa wakati ule, ikarudi hewani 2019, na ile miaka yote sauti ya upinzani ilipungua sana huku kwetu. Kwa hiyo upendeleo unaojulikana mi nauvumilia kuliko ule wa kujificha.

Na tusidhani ni umaskini tu unaleta hii mambo. Marekani, televizio ya Fox News ilikubali 2023 kulipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 juu ya uongo kwamba kura za 2020 ziliibwa na mashine zake, na meseji zilizofika mahakamani zilionyesha watangazaji wake wenyewe hawakuamini ile hadithi, waliogopa watazamaji wakimbilie stesheni ingine. Pesa wanayo, woga wa kuipoteza ukawashinda.

Radio Okapi, iliyoanza 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, shirika la Uswisi la kusaidia waandishi, ilionyesha mwandishi akilipwa anaweza kufanya kazi safi, ila ile pesa inatoka nje, na ya nje inaweza kukatika.

Mi ningeanza na kidogo: chini ya skrini waandike "imelipiwa", na nani amelipa. Stesheni haitafunga juu ya ile. Na zile dakika saba za duka zikikatwa hata mbili, meza za ba mama zingepita.